Jinsi ya kucheza gemu za kupigana mtandaoni bila kugandaganda

Karibu kila wiki naulizwa maswali yale yale. "Kaka, nimelipia Mbps 20, mbona Jin wangu wa Tekken anaganda?" "Kaka, mtaani nawapiga wote, nikiingia mtandaoni sishindi hata mechi moja, shida nini?" "Kaka, ninunue pedi nyingine?" Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja kwa sauti za WhatsApp, sasa naandika yote mahali pamoja. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Wengi huruka hatua ya tatu, na ndiyo yenye jibu lao.

Mwongozo huu ni wa anayeanza Tekken 8, Street Fighter 6, Mortal Kombat 1 au Guilty Gear Strive, kwenye PS5, Xbox au kompyuta. Mifano mingi itatoka Tekken na Street Fighter kwa sababu ndizo ninazocheza kila siku. Kama umetokea kwenye vibanda vya mtaani, ulikokuwa unalipia mechi, unamchukua Eddy Gordo wa Tekken 3 na kubonyeza mateke mpaka mtu aanguke, karibu sana. Mengi unayoyajua bado yanafaa. Kilichobadilika ni kwamba mpinzani hakai tena nawe benchi moja.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Gemu yenye rolbaki. Zote nne nilizotaja hapo juu zinayo. Nitaeleza maana yake hivi punde.
- Nafasi ya kuhifadhia. Tekken 8 kwenye kompyuta inataka GB 100, Street Fighter 6 inataka GB 60. Hapo ndipo bando linapokwisha. Kucheza kwenyewe hula data kidogo, kwa sababu kinachosafiri ni vitufe unavyobonyeza, picha inachorwa na mashine yako.
- Faiba nyumbani, au ruta ya laini ya simu yenye tundu la LAN.
- Waya wa LAN, Cat5e au Cat6, wenye urefu wa kutoka ruta hadi mashine. Pima kwa kamba ukipitisha pembeni mwa ukuta, kisha ongeza mita mbili.
- Waya wa USB wa pedi unaopitisha data. Nyaya nyingi za bei ya chini zinachaji tu.
- Kwa PlayStation, usajili wa PlayStation Plus, maana gemu za kulipia hazikuruhusu kupigana na watu mtandaoni bila huo. Kwenye kompyuta kupitia Steam hakuna ada ya mwezi.
- UPS ndogo ya ruta kama umeme wa kwenu hukatika. Soma kwanza chaja ya ruta yako: nyingi ni volti 12, lakini zipo za 9 na za 5, na ukichomeka isiyolingana unaua ruta.

Mambo mawili ya kuelewa, basi

La kwanza ni fremu, yaani picha moja kati ya zile zinazopita haraka na kufanya mwendo. Gemu hizi hukimbia fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo fremu moja ni kama milisekunde 16.7. Ngumi ya haraka ya Tekken hutoka kwa fremu 10. Street Fighter 6 ina ngumi nyepesi za fremu 4. Hakuna binadamu anayeiona ngumi ya fremu 10 ndipo akaikinga. Anayeikinga alishaitarajia.

La pili ni rolbaki. Mashine yako na ya mpinzani kila moja inaendesha pambano lake. Vitufe vya mpinzani visipofika kwa wakati, mashine yako inakisia kwamba anaendelea na alichokuwa anafanya. Vikifika na kumbe alifanya kingine, inarudi nyuma fremu chache, inasahihisha, inaendelea. Ndiyo maana mara nyingine unamwona mtu yuko mbali, mara yuko usoni pako, na hukumwona akitembea. Njia hii ilipata umaarufu kupitia programu ya GGPO, kazi ya Mmarekani Tony Cannon. Kabla yake gemu nyingi zilikuwa zinasubiri vitufe vifike, na wote wawili mnacheza kama mko ndani ya maji.

Rolbaki inakuficha kuchelewa kwa mtandao, lakini kuchelewa kwenyewe kupo pale pale. Pingi, yaani milisekunde ambazo data hutumia kwenda na kurudi, ikiwa 90 na ikabaki 90, inafanya kazi nzuri ajabu. Pingi ikiwa 40 sasa hivi, 160 baada ya nusu sekunde, kisha 35, inakisia vibaya kila mara, na hapo ndipo Jin anaganda. Kwa hiyo unachokitafuta ni utulivu wa mtandao na mpinzani wa karibu. Mbps 20, Mbps 50, Mbps 100, kwa gemu hizi tofauti yake huioni.

Hatua 1: Chagua gemu moja

Chagua ile ambayo watu wa karibu nawe wanaicheza. Ulizia kibandani, ulizia kwenye makundi ya simu ya mji wako. Gemu nzuri isiyo na mtu ndani ya kilomita elfu tatu itakutesa, hata ukiwa na faiba ya kifahari. Nairobi, kwa mfano, kuna wachezaji wa Tekken wa siku nyingi, na ndiko alikotoka Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, ambaye amecheza Tekken kwa kulipwa. Kama uko Dar, Arusha, Mombasa au Kampala, hao ni majirani zako wa mtandaoni.

Hatua 2: Chomeka waya

Toa mashine kwenye waifai, weka waya wa LAN. Kisha ingia kwenye mipangilio ya mtandao uhakikishe kwamba mashine inatumia waya kweli. Nimeona mtu amechomeka waya, PS5 bado iko kwenye waifai, na miezi miwili imepita.

Waya ukishindikana kabisa, sogeza ruta iwe chumba kimoja na mashine na utumie mawimbi ya 5 GHz. Yale ya 2.4 GHz yanafika mbali zaidi, lakini humo humo zimo Bluetooth, microwave na ruta za majirani wote wa ghorofa lenu. Anayecheza kwenye kompyuta kwa simu, aunganishe simu kwa waya wa USB badala ya kurusha hotspot. PlayStation haipokei intaneti ya simu kwa USB, kwa hiyo hapo utahitaji ruta ya laini yenye tundu la LAN.

Hatua 3: Pima ndani ya nyumba kwanza

Usikimbilie kupima kasi. Tunaanza na safari fupi kuliko zote, ya kutoka kwenye mashine yako hadi kwenye ruta yako.

Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha jeusi la amri, andika `ipconfig`, tafuta mstari wa "Default Gateway". Namba iliyopo hapo ndiyo anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Sasa andika:

`ping -n 100 192.168.1.1`

Itatuma ujumbe mara 100 na kukuonyesha kila mmoja umechukua milisekunde ngapi. Kama unacheza kwenye konsoli (PS5 au Xbox), azima laptopu, iweke palepale konsoli ilipo na uiunganishe kwa njia ileile.

Nilipopima kwangu Mbagala, laptopu ikiwa chumbani na ruta sebuleni, ukuta mmoja tu katikati, waifai ilinipa hivi: 2, 3, 2, 2, 61, 3, 2, 118, 4. Wastani wa mistari yote mia ulikuwa chini ya 10, na mtu angeutazama akaridhika. Lakini ile 118 ni muda wa fremu saba, na umepotea ndani ya nyumba yangu, data haijafika hata mlangoni. Ukiwa kwenye Tekken, fremu saba ndiyo tofauti ya kukinga na kurushwa hewani. Nikachomeka waya: 1, 1, chini ya 1, 1, mpaka mwisho wa mistari mia. Ruta ni ile ile, bando ni lile lile.

Kwa hiyo soma namba kubwa kuliko zote. Wastani utakudanganya. Kwa waya, namba ya kwenda kwenye ruta yako isizidi 2 au 3. Ikizidi, badilisha waya au tundu kabla ya kuendelea.

Hatua 4: Pima nje, na ujue umbali wako

Rudia amri ile kwa anwani ya nje, mfano `ping -n 100 8.8.8.8`, ambayo ni ya Google. Safari hii namba zitapanda, ni kawaida. Angalia zinavyoachana. 38, 40, 39, 41 ni mtandao mzuri. 38, 95, 40, 210 ni mtandao wa kutazamia video, haufai kupigania.

Umbali nao una sheria yake. Ndani ya faiba mwanga husafiri kama kilomita 200 kwa milisekunde moja. Ukihesabu kwenda na kurudi, kila kilomita 100 inaongeza milisekunde 1, na hakuna kifurushi kinachoweza kununua chini ya hapo. Dar hadi Nairobi ni kama kilomita 670 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo pingi haiwezi kushuka chini ya 7. Dar hadi Johannesburg ni kama kilomita 2,500: 25. Dubai kama 4,000: 40. London kama 7,500: 75. Hizo ni za kwenye karatasi. Data haifuati mstari ulionyooka. Inafuata nyaya za baharini na makubaliano ya kampuni za mtandao. Inawezekana wewe na rafiki yako wa mji mmoja, mkiwa kwenye kampuni mbili tofauti, data yenu ikazungukia bara jingine kabla ya kukutana. Ukitaka kuona inakopita, andika `tracert` ikifuatiwa na anwani.

Vipimo ninavyotumia mwenyewe ni hivi: chini ya 60 nacheza kama tumekaa pamoja. 60 hadi 100 ni nzuri. 100 hadi 150 inachezeka ila ujue utaona mirukoruko. Zaidi ya 150 nacheza na rafiki kwa kufurahi tu, sichezi mechi za daraja, zile za kupanda na kushuka ngazi.

Hatua 5: Zuia msongamano wa nyumbani

Endesha tena ile pingi ya nje, kisha mwambie mtu afungue video kwenye TV au aanze kupakua kitu kikubwa. Ukiona namba zinaruka kutoka 40 hadi 300, ruta yako inapanga foleni, na vitufe vyako vimekaa nyuma ya filamu ya dada.

Kama ruta ina sehemu ya QoS, ile ya kupanga data ya nani ipite kwanza, iwashe, weka kikomo cha asilimia 85 hivi ya kasi unayopata kweli, na ipe mashine yako kipaumbele. Utapoteza kasi kidogo ya kupakua, utapata pingi iliyonyooka. Ruta isipokuwa na QoS, zungumza na watu wa nyumbani. Kuwaomba nusu saa kunawezekana ukiomba vizuri na ukiheshimu hiyo nusu saa. Zima pia masasisho yanayojipakua yenyewe kwenye konsoli, na simu yako inayopandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Muda nao una uzito. Mtandao wa simu huelemewa kuanzia saa mbili usiku hadi saa tano, watu wote wakiwa nyumbani. Mimi mechi zangu za maana nazicheza asubuhi mapema au baada ya saa tano usiku.

Hatua 6: Runinga na pedi

Hapa watu wengi wanapoteza fremu nyingi kuliko wanazopoteza kwenye mtandao, na wanalaumu mtandao.

Runinga za siku hizi hupamba picha kabla ya kuionyesha: zinang'arisha rangi, zinalainisha mwendo. Kazi hiyo inachukua muda. Ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta hali ya gemu, iwashe kwenye lile tundu la HDMI ulilochomeka mashine. Kwenye runinga nyingi kila tundu lina mipangilio yake, ukihamisha waya unaanza upya.

Pedi ichomeke kwa USB. Kwenye PlayStation, kuchomeka waya peke yake kunaweza kuishia kwenye kuchaji. Ingia kwenye mipangilio ya vifaa, sehemu ya pedi, njia ya mawasiliano, uchague USB.

Hebu tupige hesabu moja uone kwa nini naling'ang'ania hili. Drive Impact, lile pigo zito la Street Fighter 6, inachukua fremu 26 kabla ya kukufikia. Mtu wa kawaida anahitaji kama robo sekunde kuona kitu na kubonyeza, yaani fremu 15. Zimebaki 11 za kujibu kwa Drive Impact yako. Tuseme runinga isiyo kwenye hali ya gemu imekula fremu 5: zimebaki 6. Mtandao umekula 3 nyingine: zimebaki 3. Sasa ukipepesa macho tu, uko ukutani. Kijana anayekuandikia kwamba "siku hizi sina wepesi" mara nyingi wepesi anao, umeliwa na runinga.

Hatua 7: Angalia NAT

Gemu nyingi za kupigana huunganisha mashine yako na ya mpinzani moja kwa moja. Mlango wa ruta yako, ambao kwenye mipangilio unaitwa NAT, ukiwa umefungwa mno, unatafuta mpinzani dakika kumi humpati, au unampata na muunganisho unavunjika kabla ya raundi ya kwanza.

Fanya jaribio la mtandao kwenye konsoli. PlayStation ikikuambia NAT aina ya 2, endelea. Aina ya 3 ni tatizo. Xbox ikisema wazi ni vizuri, ikisema kali ni tatizo. Kwanza ingia kwenye ruta uwashe UPnP, inayoiruhusu gemu ijifungulie mlango yenyewe, kisha zima ruta na konsoli, washa ruta kwanza.

Isiposaidia, fungua ukurasa wa ruta usome anwani yake ya nje. Ikianzia 100.64 hadi 100.127, au namba yake ya kwanza ikiwa 10, maana yake kampuni imekuweka wewe na wateja wengine nyuma ya anwani moja. Laini nyingi za simu ziko hivyo. Hakuna cha kubonyeza nyumbani kitakachoondoa hilo. Piga huduma kwa wateja, uliza kama wanatoa anwani ya umma. Wapo wanaotoa kwa nyongeza ndogo.

Hatua 8: Weka masharti ya wapinzani

Ingia kwenye mipangilio ya kutafuta mechi. Chagua kupewa wapinzani wenye muunganisho mzuri tu, ule wa mistari minne au mitano. Gemu nyingi za sasa zinakuonyesha pia alama ya kama mpinzani yuko kwa waya au waifai. Akiwa kwa waifai na mistari mitatu, kataa. Si dharau, ni haki yenu nyote wawili.

Acha wazi ruhusa ya kukutana na watu wa mashine nyingine. Tekken 8 na Street Fighter 6 zinawakutanisha wa PlayStation, Xbox na kompyuta, na huku kwetu wachezaji ni wachache, huwezi kumudu kuwagawa tena.

Hatua 9: Mhusika mmoja, silaha chache

Chukua mhusika mmoja na ukae naye mwezi mzima. Street Fighter 6, anza na Ryu au Luke. Tekken 8, Jin au Paul. Kama mikono bado haijazoea kuzungusha, Street Fighter 6 ina vidhibiti vya kisasa vinavyotoa pigo maalumu kwa kitufe kimoja na mwelekeo. Adhabu yake ni kwamba mapigo hayo yanapoteza asilimia 20 ya nguvu, na kwa mwanafunzi hiyo ni bei nzuri.

Kabla ya mechi yoyote, ingia chumba cha mazoezi ujifunze haya tu: pigo lako la haraka kuliko yote, pigo la kumwadhibu aliyekosa, kombo moja (mapigo yanayofuatana bila mpinzani kujinasua) unayoiweza mara tisa kati ya kumi, na namna ya kukinga chini na juu. Kombo ndefu uliyoiona kwenye video iache kwanza. Ngumi ya umeme ya Kazuya wa Tekken inataka mwelekeo na kitufe viingie kwenye fremu ileile moja; mtu aliyeizoea kibandani atapata tabu mtandaoni mpaka mkono uzoee ucheleweshaji mpya. Kombo fupi isiyokosa inashinda mechi nyingi kuliko kombo nzuri inayodondoka nusu.

Jambo ambalo hawakuambii: mtandaoni unatakiwa ukinge zaidi ya ulivyozoea. Pigo la chini lililokuwa linaonekana vizuri kwenye benchi, mtandaoni linaonekana limeshafika. Usingoje kuona. Kariri mpinzani anapenda kulitoa wapi, ukinge mahali pale kabla.

Hatua 10: Mechi zako za kwanza

Anza na mechi za kawaida au chumba cha marafiki, mcheze mpaka mmoja afikishe ushindi wa tatu. Kumpiga mtu mara moja na kukimbia hakukufundishi kitu. Mechi ya pili na ya tatu ndipo anapokuonyesha tabia zake. Baada ya siku kadhaa ingia mechi za daraja. Street Fighter 6 itakupa mechi 10 za kukupima kabla ya kukupangia ngazi, kwa hiyo usizicheze usiku mtandao ukiwa mbovu.

Ukipoteza, fungua marudio ya mechi. Tekken 8 inakuruhusu kusimamisha marudio, kushika pedi mwenyewe palepale ulipopigwa na kujaribu jibu lingine. Tazama raundi moja tu, tafuta pigo lililokupiga mara nyingi zaidi, nenda chumba cha mazoezi ulitafutie dawa.

Onyo kubwa: usichomoe waya unaposhindwa. Wenzako wataona, gemu huhesabu miunganisho iliyokatika, na huko kwenye miji yetu midogo jina likishachafuka hupati wa kucheza naye. Umeme ukikukatikia na ulikuwa unapigwa, mtafute mwenzako, mwombe radhi, mpe ushindi wake.

Na usiache benchi. Mwaka 2019 Arslan Ash wa Pakistan alichukua mashindano makubwa ya Evo Japan na Evo ya Las Vegas kwenye Tekken 7, ndani ya mwaka mmoja, akiwa ametoka Lahore ambako walikuwa wakikaa chumba kimoja na kupigana siku nzima. Dunia haikuwajua kwa sababu hawakuwa wakionekana kwenye mashindano ya nje, lakini walikuwa wamenolewa. Jumamosi moja kwa mwezi, pedi mbili, runinga moja, watu sita: hapo utajifunza yale ambayo mtandao wetu bado hauwezi kukupa. Na wiki ambayo intaneti imekufa kabisa, Tekken 8 ina vivuli, yaani kompyuta iliyojifunza uchezaji wa mtu halisi. Ukishakipakua kivuli cha mtu, pambano linaendeshwa ndani ya mashine yako, halina pingi.

Ukikwama

*Mpinzani anarukaruka, mimi niko sawa.* Pingi inayumba, yako au yake. Rudia hatua ya 3 na ya 4. Yako ikiwa imenyooka, tatizo ni lake. Malizia mechi kwa heshima, usikubali ya pili.

*Gemu nzima inakuwa nzito kama mwendo wa pole, hata dhidi ya kompyuta.* Hilo si la mtandao. Mashine yako haifikishi fremu 60. Kwenye kompyuta, shusha ubora wa picha na wa vivuli vinavyochorwa kwenye picha mpaka zitulie kwenye 60 bila kushuka. Na ujue kwamba mashine isiyofikisha 60 inamharibia na mpinzani.

*Vitufe vyangu vinachelewa muda wote, mtandaoni na nje ya mtandao.* Runinga au pedi. Hatua ya 6.

*Sipati mpinzani.* Legeza kidogo masharti ya muunganisho, ongeza ngazi unazoruhusu, hakikisha ruhusa ya mashine nyingine iko wazi, kisha angalia NAT. Wakati unangoja, weka gemu ikutafutie ukiwa chumba cha mazoezi.

*Nampata, tunakatika kila mara tukiwa wawili hawa hawa, wengine hawana shida.* NAT zenu hazipatani. Mmoja wenu abadilishe: UPnP, anwani ya umma, au ajaribu laini nyingine.

*Asubuhi safi, usiku haifai.* Mnara au mtaa wenu umeelemewa. Jaribu laini ya kampuni nyingine kwa bando la siku moja kabla ya kulipia mwezi, ukipima saa tatu usiku, siyo mchana.

*Kila kitu kilikuwa sawa, ghafla pingi imepanda kwa kila mtu ninayemjua.* Huenda ni waya wa baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja, na Tanzania na majirani zake wakabaki na intaneti ya kukwamakwama. Siku kama hizo usibadilishe kitu chochote kwenye ruta, maana utaharibu mipangilio iliyokuwa sahihi. Chukua pedi yako ya pili, mpigie aliye karibu.